Kiwanda cha Mabawa Kikae Wapi?

Katika ploti moja ya nyumba za mabati huko Mukuru kwa Njenga, Nairobi, mtu wa kwanza kusikika asubuhi ni Nthoki. Tu! Tu! Tu! Anatwanga mahindi.

Nthoki huuza muthokoi, chakula cha kwao Ukambani. Mahindi hutiwa maji kidogo, hutwangwa yatoke maganda, huanikwa, kisha hupepetwa. Ukiyapika pamoja na maharagwe, mgeni wako atasahau njia ya kwake.

Kila alasiri Nthoki huchukua ungo na kwenda kwenye uwanja ulio wazi nyuma ya ploti. Hapo upepo ni mzuri. Hurusha mahindi juu, nayo hurudi ungoni. Makapi huenda zake. Tatizo ni kwamba yakienda zake, huenda kwa jirani yake, Khalayi.

"Mama Mwelu!" Khalayi hupaza sauti kutoka mlangoni. "Leo tena? Makapi yako yameingia kwenye uji wangu!"

"Kunywa tu, dada. Hicho ni chakula."

"Cha kuku! Umeniona na manyoya?"

Kisha wote wawili hucheka. Khalayi anatoka upande wa Bungoma. Hutengeneza sabuni ya maji na kuiuza kwa chupa. Yeye na Nthoki ni marafiki, tena ni waimbaji wa kwaya. Nthoki huimba sauti ya kwanza. Khalayi huimba sauti ya nne, ile ya wanaume, na wanaume wenyewe humwogopa.

Mume wa Nthoki anaitwa Muoki. Ni mchongaji. Akipata gogo asubuhi, jioni ni twiga. Lakini siku hizi wanunuzi wamepungua, na mti mzuri wa kuchonga umekuwa adimu. Jioni moja Muoki alikaa kwenye kigoda na kutazama mikono yake.

"Mama Mwelu," alisema, "nimeongea na ndugu yangu Nzau. Mwaka huu ukiisha bila kazi ya maana, narudi kwetu Wamunyu nikalime."

"Na mimi?"

"Wewe una biashara hapa. Mwelu wetu naye yuko chekechea hapa. Nitakuwa nikija."

Nthoki aliwajua akina mama wengi ambao waume zao walisema watakuwa wakija. Mwanzoni waume hao huja kila mwezi. Halafu huja sikukuu. Halafu hupiga simu. Nthoki alimpenda mume wake, na hiyo haikuwa siri, ploti nzima ilijua. Hakutaka mume wa simu.

Ndiyo maana habari ya kiwanda ilipofika, Nthoki aliipokea kwa vigelegele.

Habari hiyo ililetwa na Jackton, mtu wa kampuni iliyotaka kukijenga, kijana mwenye tai na maneno mengi. Alikutana na wachongaji kwenye banda lao. Muoki alirudi nyumbani akiwa na furaha, akamweleza mkewe yote.

"Unajua ile minara mirefu ya kule vilimani? Ile inayotoa umeme kwa upepo?"

"Nimeiona kwenye simu."

"Basi kila mnara una mabawa matatu, marefu kuliko jumba la ghorofa. Yakifika miaka ishirini hivi, huzeeka, yanateremshwa. Mnara ni chuma, unaweza kuyeyushwa. Bawa si chuma. Halipondeki kirahisi, halichomeki vizuri, halitaki hata kuoza. Sasa wanataka kujenga kiwanda cha kuyakata na kuyafanya vitu vipya. Na Jackton anasema wanataka kwanza watu wenye mikono iliyozoea vyombo. Yaani sisi!"

"Kiwanda chenyewe kitakuwa wapi?"

Muoki alinyoosha kidole nyuma ya nyumba. "Hapo uwanjani unapopepetea."

Nthoki aliruka, akamshika mikono, wakacheza katikati ya chumba hadi sufuria zikatikisika. Mume wake angefanya kazi hatua chache kutoka mlangoni. Wamunyu ingebaki kuwa mahali pa kutembelea. Tangu siku hiyo Nthoki akawa msemaji wa kiwanda. Kila aliyekuja kununua muthokoi alipimiwa pia habari za mabawa.

"Ni mabawa ya ndege?" mama mmoja aliuliza.

"Ya upepo!" Nthoki alijibu, kana kwamba ameyatengeneza yeye.

Jumamosi moja Muoki alirudi na kipande cha bawa begani. Kilikuwa kikubwa kama mlango wa kabati. Jackton alikuwa amewagawia wachongaji vipande vichache. "Jaribuni, mnipe mawazo," aliwaambia. Hakuwaambia jambo lingine.

"Tazama," Muoki alimwambia mkewe. "Nje ni kigumu kama kigae. Ndani kuna mti, tena mwepesi kama mkate! Nitakutengenezea meza ya kuuzia."

Sasa, mchongaji ana desturi yake. Akipata mti mgeni, hawezi kungoja kesho. Lazima aukate, aunuse, aupige msasa, hata aulambe kidogo aone ladha yake. Muoki alikaa kizingitini, akatoa msumeno na msasa, akaanza. Vumbi jeupe likapanda. Alilipangusa kwa kiganja. Alilipuliza kwa mdomo, puu! Ndivyo baba yake alivyofanya, na babu yake pia.

"Vumbi hilo!" Nthoki alisema huku akikohoa.

"Vumbi la mti halijaua mchongaji," Muoki alijibu.

Juu ya kichwa chake kulikuwa na kamba za kuanikia nguo. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Nthoki kufua majoho ya kwaya. Majoho yote yalikuwa hapo, ya buluu, safi kabisa, yakipeperuka polepole ndani ya vumbi.

Kesho yake kanisani palikuwa na wageni. Kwaya ya Makongeni ilikuwa imealikwa, na watu wa Makongeni ni watu wa kuimba kwa noti. Mwalimu wa kwaya, Bwire, hakuwa amelala kwa wasiwasi.

"Wasee, leo hatuchekwi," aliwaambia. "Macho kwangu."

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili, Khalayi alijikuna shingo. Nthoki akahisi kitu kinamtembea mgongoni. Akajizuia. Kikatembea tena. Akajikuna. Mara safu nzima ya mbele ilikuwa ikijipinda huku na huku. Bwire alinyanyua mkono kuongoza wimbo, mkono ukaishia kwapani.

Waumini walidhani ni mtindo mpya. Wakapiga makofi. Wengine wakasimama na kujikuna kwa furaha, wakifuata mdundo. Kwaya ya Makongeni ilitoa simu na kurekodi.

Baada ya ibada, wanakwaya walikimbilia nyuma ya kanisa na kuvua majoho.

"Hii ni nini?" Bwire alilia. "Mgongo yangu inawaka moto! Na wale wa Makongeni wananiuliza hiyo step tumeitoa wapi! Nani alifua hizi nguo?"

Macho yote yalimgeukia Nthoki. Aliona aibu, na mtu mwenye aibu hushika neno lililo karibu.

"Nilifua mimi," alisema. "Lakini kwa sabuni ya Khalayi. Ile mpya ya kijani."

"Sabuni yangu?" Khalayi alisimama wima. "Sabuni yangu inafua hadi mashuka ya hospitali! Nthoki, ni mimi unanifanyia hivyo?"

Hakumwita Mama Mwelu wala dada. Alimwita Nthoki, kavukavu, akachukua Biblia yake akaondoka.

Habari mbaya haina breki. Siku zilizofuata, wateja wa Khalayi walipita mlangoni pake bila kusimama. Chupa za sabuni zilibaki zimepangwa. Makapi yaliingia kwenye uji wake, naye hakusema neno. Ukimya huo ulimuuma Nthoki kuliko matusi.

Na kulikuwa na jambo lingine. Muoki hakuwa amevaa joho, lakini naye alikuwa akijikuna. Macho yake yalikuwa mekundu. Wazo fulani lilimjia Nthoki. Akalifukuza haraka, kwa sababu lilikuwa na harufu ya Wamunyu.

Siku moja Muoki alikuwa kizingitini akimalizia meza yake. Mama mmoja aliyevaa buti na kofia alisimama langoni mwa ploti.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!"

"Naitwa Nasambu. Mimi ni mtaalamu wa mazingira. Kabla kiwanda chochote cha namna hii kujengwa, sheria inataka tuchunguze kitawaathirije watu, maji na hewa. Na wakazi lazima waulizwe. Nimekuja kuwasi..."

Hakumaliza. Alikuwa amemwona Muoki akivuta pumzi ili apulize vumbi.

"Baba, simama hapo hapo! Usipulize!"

Muoki alibaki na mashavu yamejaa.

Nasambu alitoa barakoa mfukoni, akaivaa, akasogea. Akawasha tochi ya simu, akaimulika chini ya kigoda. Vumbi lilimetameta kama sukari.

"Mnaona linavyong'aa? Hiki si mti mtupu. Mti uko katikati tu. Huku nje ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zimeshikanishwa kwa gundi ngumu. Ndiyo maana bawa lina nguvu. Ukikata kavu na kupiga msasa, nyuzi hukatika zikawa vumbi. Vumbi hilo huchoma ngozi, huwasha macho, na huingia kifuani."

Nthoki alikaa chini. "Ni sumu? Tutakufa?"

"Hapana, mama. Kwa siku moja au mbili mtawashwa tu, halafu itapoa. Hatari ni kwa mtu anayelivuta vumbi kila siku, mwaka hadi mwaka. Kifua chake kitaharibika. Na kwa taarifa yako, baba, hata vumbi la mti si zuri kwa kifua. Wachongaji wengi hukohoa wakadhani ni baridi."

Muoki alipumua polepole kupitia puani.

"Sasa tufanye nini?" Nthoki aliuliza.

"Kwanza, usijikune. Ukijikuna unazisukuma nyuzi ndani. Jimwagie maji baridi mengi, upake sabuni bila kusugua kwa nguvu, usuuze. Macho pia yaoshwe kwa maji safi. Usifagie hapa kukavu. Lowesha sakafu, kisha panguza kwa kitambaa chenye maji. Nguo zilizopata vumbi usizikung'ute. Zifuliwe peke yake, ukiwa na glavu, na beseni lisuuzwe vizuri baadaye."

"Nguo zilizopata vumbi," Nthoki alirudia. Alitazama kamba juu ya kizingiti. Alimtazama mumewe. "Baba Mwelu, majoho yalikuwa hapo."

"Yalikuwa hapo," Muoki alikiri.

"Kwa hiyo sabuni ya Khalayi haina makosa?"

"Makosa gani?" Nasambu alishangaa. "Sabuni ndiyo dawa."

Nthoki alihisi uso wake unapata moto. Alikuwa amemharibia rafiki yake jina kwa aibu, kisha akafumba macho ili kulinda kiwanda ambacho hata hakukijua vizuri.

"Basi kiwanda ni kibaya?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sikusema hivyo. Mabawa yapo, na yatazidi kuzeeka. Yakitupwa ovyo au yakichomwa, ni vibaya zaidi. Kuyatengeneza upya ni kazi nzuri. Lakini kazi hii ni kama jiko. Jiko likiwa jikoni, mnakula. Likiwa kitandani, mnaungua. Cha kuuliza ni hiki: kiwanda kikae wapi, na kifanye kazi kwa njia gani? Njooni kwenye baraza mseme. Maoni yenu yataingia kwenye ripoti."

Nasambu alipoondoka, Nthoki alipakua muthokoi kwenye bakuli kubwa, akaenda kubisha kwa Khalayi.

"Dada, nimekukosea. Haikuwa sabuni. Ilikuwa vumbi la Muoki. Nisamehe."

Khalayi alitazama bakuli. Akamtazama Nthoki. "Kosa ulilitangaza mbele ya watu, msamaha unaniletea mlangoni? Sema kwa sauti ya kwanza, ploti yote isikie!"

Nthoki alijaza kifua, akaimba kwa nguvu zake zote: "Sabuni ya Khalayi ni nzuuuri! Haina makosaaa!"

Madirisha yalifunguka. Khalayi alijaribu kukaza uso, akashindwa. Aliitikia kwa sauti ya nne, "Haina kabisaaa!" Wakakumbatiana, wakacheka hadi machozi. Kabla ya jua kutua wateja walikuwa wamerudi, na Khalayi alikuwa amemaliza bakuli lote.

"Chakula cha kuku kimeisha?" Nthoki alimtania.

"Kuku wa kwenu wanaishi vizuri." Kisha Khalayi akawa makini. "Lakini sikia, dada. Kipande kimoja kimetuchezesha kanisani. Kiwanda kizima kitatufanyaje? Mimi kwenye baraza nitasema kisije kabisa."

Nthoki alichukua bakuli lake tupu. Kisipokuja kabisa, mume wake angekwenda. Kikija hapo nyuma, vumbi lingeingia vifuani mwa watoto wa watu, na Mwelu wake akiwemo. Alirudi nyumbani moyo ukiwa mzito.

Siku ya baraza watu walijaa uwanjani. Chifu alifungua mkutano, kisha akampa Jackton nafasi.

"Uwanja huu uko tupu," Jackton alisema. "Hakuna anayeishi hapa. Tujenge haraka, vijana wapate kazi!"

Wengine walipiga makofi. Khalayi alisimama.

"Hapana! Pelekeni vumbi lenu mbali! Shule ya chekechea iko pale, mnaiona? Watoto wetu si wa kuchezewa!"

Wengine wakapiga makofi, tena kwa nguvu zaidi. Baraza likagawanyika mara mbili, na kila upande ulitaka kuusema mwingine. Nasambu alinyanyua mkono.

"Tusibishane kwa nguvu ya sauti. Kiwanda cha namna hii kinahitaji mambo yake. Kiwe mbali na nyumba, shule na mto. Barabara iwe pana, kwa sababu malori yake ni marefu. Kisikae mahali panapofurika mvua ikinyesha. Na tujue upepo wa hapo huelekea wapi. Nitaweka vyombo vya kuupima. Lakini ninyi mnaishi hapa. Nani anaujua upepo wa uwanja huu?"

Khalayi alicheka kwa sauti. "Muulizeni Mama Mwelu! Ndiye anayenitumia makapi kila siku!"

Watu walicheka. Nthoki alisimama taratibu. Alimwona Muoki kati ya wachongaji, amekaa, mikono mapajani.

"Ni kweli hakuna anayeishi hapa," alisema. "Lakini upepo wa hapa unaishi kwetu. Naomba ungo."

Ungo uliletwa, pamoja na mahindi yaliyotwangwa. Nthoki alienda katikati ya uwanja, watu wakamfuata, Jackton akiwa mbele ili aone vizuri. Nthoki alirusha. Mahindi yakapanda, yakarudi. Makapi yakapaa kama moshi, yakamfunika Jackton tai na miwani, yakampita, yakaelekea kwenye nyumba. Mengine yalitua mlangoni kwa Khalayi. Mengine yalivuka, yakaingia kwenye dirisha la chekechea.

"Karibu Mukuru!" Khalayi alimwambia Jackton, akimpangusa bega.

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Jackton mwenyewe alicheka, kisha akapiga chafya.

"Makapi yanaonekana," Nthoki aliendelea. Sauti yake sasa ilikuwa imara. "Vumbi la kioo halionekani. Kiwanda kikija hapa, kitatupepeta sisi. Mimi nilikitaka sana. Nilikitaka kwa ajili ya mume wangu. Bado nakitaka. Lakini si hapa."

Jackton alivua miwani akaifuta. "Mama, nimekuelewa. Ila niwaambie ukweli. Mkipakataa hapa, kampuni inaweza kuhama Nairobi kabisa."

Nthoki hakuthubutu kumtazama Muoki. Lakini alisikia hatua zake zikija, kisha akahisi bega la mumewe kando ya lake.

"Mke wangu amesema," Muoki alisema. "Nami nasema hivyo hivyo. Kazi ninaitaka, lakini siwezi kula mshahara huku mtoto wangu anakula vumbi. Hatukatai kiwanda. Kitafutieni mahali pake."

Hapo Bwire, mwalimu wa kwaya, alinyanyua mkono. Siku za kazi yeye huunganisha vyuma katika karakana moja huko Viwandani.

"Si kuna ile godauni, store ya zamani, nyuma ya karakana yetu?" alisema. "Imekaa tu, hata panya walishahama. Barabara ni kubwa, lori inageuka freshi. Hakuna nyumba ya mtu hapo, na kuta zake ziko sawa."

"Ni mbali na hapa?" Nasambu aliuliza.

"Kwa miguu? Hata chai yako haijapoa, umefika. Watu wa huku wote tunatembea tu kwenda job."

Nasambu aliandika. "Nitapachunguza. Nitapima upepo wa hapa na wa kule, si siku moja tu. Hata hapo tutaweka masharti. Mabawa yakatwe kwa maji ili vumbi lisiruke. Maji hayo yachujwe na kutumika tena, yasimwagwe mtaroni. Mashine ziwe ndani ya kuta, na ziwe na mitambo ya kunyonya vumbi. Kila mfanyakazi apewe barakoa, miwani na glavu. Aoge kabla ya kurudi nyumbani, na nguo za kazi zibaki kazini."

"Na nani atajua kama wanafanya hivyo?" Khalayi aliuliza.

"Wakazi wachague kamati ya kukagua. Wewe unaonekana unafaa."

"Nafaa sana," Khalayi alikubali.

Baada ya hapo kazi ikawa kungoja. Mvua zilikuja zikaisha. Nthoki alitwanga, alianika, alipepeta. Muoki alichonga twiga wachache, safari hii akiwa na barakoa, na wenzake bandani waliomcheka mwanzoni wakaanza kumwomba za kwao. Kila simu ya Nzau ilipoita, Nthoki aliacha alichokuwa akifanya.

Adhuhuri moja Jackton alitokea mlangoni bila tai. Aliagiza muthokoi, akala kimya, akaomba tena.

"Haya, sema!" Nthoki alishindwa kuvumilia. "Mtu hali sahani mbili bila sababu!"

"Vipimo vimetoka," Jackton alisema huku akitabasamu. "Upepo wa uwanja huu huelekea kwenu karibu siku zote, kama ulivyosema. Godauni imekubaliwa. Kibali kimetoka pamoja na masharti yote ya Nasambu. Wachongaji wanaanza mafunzo. Muoki yuko kwenye kundi la kwanza. Na nisameheni kwa vile vipande. Niliwagawia bila kuwaambia hatari yake. Nilifanya makosa."

Nthoki hakumsikia hadi mwisho. Alikuwa ameshapiga vigelegele, na Khalayi alikuwa ameshatoka kwake na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Leo kiwanda kinafanya kazi. Ndani ya godauni, misumeno hukata mabawa chini ya maji. Sehemu zinazosagwa hupelekwa kwenye viwanda vya saruji. Sehemu nzima, zile zenye nguvu, hufanywa viti vya bustani na vivuko vya miguu. Kivuko cha kwanza kiliwekwa juu ya mtaro ulio mbele ya chekechea. Sasa mvua ikinyesha Mwelu na wenzake huvuka bila kulowa miguu, na huvuka mara nyingi kuliko inavyohitajika. Khalayi na kamati yake huingia kukagua bila kupiga hodi mapema. Na sabuni wanayoogea wafanyakazi ni ile ya kijani. Ukiwa na swali kuhusu ubora wake, usimuulize Khalayi kama una haraka.

Lakini ngoja niwaambie juu ya jioni ya siku ile ya kwanza ya kazi.

Nthoki alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Muoki alikuja akitembea taratibu, shati safi, nywele mbichi kwa maji.

"Simama hapo," Nthoki aliamuru. Alikagua kola. Alikunjua mikono ya shati. Alimnusa shingo. "Umeoga?"

"Nimeoga kuliko bwana harusi."

"Nguo za kazi?"

"Zimelala kazini."

"Unawashwa?"

"Siwashwi popote."

"Pita."

Muoki aliingia akaketi. Kabla hajala, alitoa simu akampigia ndugu yake. Nthoki aligeukia jiko, akawa anakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa.

"Nzau," Muoki alisema. "Lile shamba langu, lima wewe. Ndiyo, lote. Mavuno yawe yako. Mimi? Mimi nitakuja Krismasi. Hapana, si peke yangu. Tutakuja wote watatu, tukiwa wageni. Kwa hiyo mtuchinjie mbuzi, mgeni hali mboga."

Mwiko ulianguka ndani ya sufuria. Nthoki alimkumbatia mumewe kwa nguvu hadi simu ikadondoka, na Nzau akabaki akiita, "Halo? Halo?" kutoka sakafuni. Nthoki alilia, akacheka, akapiga kigelegele kimoja kirefu.

Upande wa pili wa mabati, Khalayi aligonga ukuta. "Mama Mwelu! Kuna nini tena huko? Anajikuna?"

"Hajikuni, dada!" Nthoki alijibu kwa sauti ya kwanza, ploti yote ikasikia. "Hajikuni, na haendi popote!"